Kuusoma Mwanga: Heidelberg, Calcutta, Ifakara

Mbu aliyekaushwa analazwa juu ya kipande kidogo cha almasi. Mkono wa chuma unashushwa taratibu mpaka umbane barabara, asibaki na upenyo wa hewa chini yake. Kutoka ndani ya kifaa unakuja mwanga usioonekana kwa jicho, mwanga wa infraredi, ule ulioko ng'ambo ya wekundu wa upinde wa mvua. Unagusa gamba la mbu, sehemu yake inafyonzwa, iliyobaki inarudi. Muda wa dakika moja hivi, na kompyuta imeshachora mstari wenye vilima na mabonde. Kazi hii hufanyika Ifakara, mkoani Morogoro, katika maabara ya Taasisi ya Afya Ifakara, na swali inalolijibu ni la watu wa kawaida kabisa: mbu huyu ana siku ngapi?

Swali hilo lina uzito wake. Kimelea cha malaria kikiingia tumboni mwa mbu huhitaji siku kumi hivi, mara nyingi zaidi, kabla hakijawa tayari kumwingia mtu mwingine. Mbu wengi hufa kabla ya hapo. Wanaotuua ni wazee wao, wachache, na chandarua kinachofanya kazi hujulikana kwa kuwapunguza hao wazee. Tatizo ni kwamba mbu hana meno ya kuhesabiwa kama mbuzi. Njia iliyotumika kwa miongo mingi ni ya Mrusi, T. S. Detinova, ambaye maelezo yake yalichapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1962: unampasua mbu jike chini ya hadubini, unatazama mirija myembamba ya hewa inayozunguka ovari. Ikiwa bado imejikunja ncha zake, hajawahi kutaga. Ikiwa imenyooka, ameshataga. Ni ufundi mzuri wa mkono na jicho, lakini unaishia hapo: ametaga au hajataga. Siku hausemi.

Mwanga unadai kuzisema siku, au angalau kuzikaribia. Utafiti uliofanywa Ifakara na kuchapishwa mwaka 2009, ukitumia infraredi ya karibu, uliweza kuwagawa Anopheles, yaani mbu waenezao malaria, katika makundi mawili, walio chini ya siku saba na waliofikisha siku saba au zaidi, na kupatia kwa takriban asilimia 80. Swali langu katika makala hii ni dogo lakini linanisumbua: mwanga unajuaje? Ukiwauliza wanaoutumia sehemu mbalimbali za dunia, utapata majibu mawili yasiyofanana, na kila moja lina ukoo wake.

Jibu la kwanza ni la Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1859 na 1860. Mkemia Robert Bunsen na mwanafizikia Gustav Kirchhoff walikuwa na taa ya gesi yenye mwali usio na rangi, waya wa platinamu uliokunjwa kitanzi nchani, mche wa kioo na darubini ndogo ya kuchungulia. Walichovya kitanzi katika chumvi, wakakiingiza motoni, wakatazama mwanga uliopita kwenye mche. Kila metali ilitoa mistari yake yenyewe, mahali pake penyewe, na haikuazima ya jirani.

Jaribio lao moja napenda kulisimulia. Kwenye kona ya chumba iliyo mbali kabisa na kifaa walilipua miligramu tatu za klorati ya sodiamu iliyochanganywa na sukari ya maziwa, wakarudi kuchungulia. Dakika chache baadaye mwali wa taa ukaanza kugeuka manjano na mstari wa sodiamu ukang'aa. Wakapiga hesabu kwa ukubwa wa chumba kile: jicho lilikuwa limeitambua chumvi isiyofika hata sehemu moja ya milioni tatu ya miligramu. Tena waligundua kwamba mstari huo wa manjano ni mgeni asiyealikwa, unaingia katika kila jaribio kwa sababu chumvi imo hewani daima. Mtu wa pwani, ambaye mabati ya nyumba yake huliwa na upepo wa bahari, hatalishangaa hilo.

Mwaka huohuo wa 1860, katika maji ya chemchemi ya Dürkheim, waliona mistari ya buluu ambayo haikuwa ya kitu chochote kilichojulikana. Ilibidi tani arobaini hivi za maji zichemshwe mpaka zikauke ili kupata gramu saba hivi za chumvi ya elementi hiyo mpya. Waliiita kesiamu, kutokana na neno la Kilatini la rangi ya mbingu. Tungeibatiza sisi tungesema samawati, neno ambalo nalo limeshuka kutoka mbinguni kwa njia ya Kiarabu. Na kwa kuwa tumegusa maneno: Newton alipoandika mwaka 1672 juu ya rangi zinazotoka kwenye mche, alizipa rangi zile jina la Kilatini lenye maana ya mzuka, na ndilo lililotupa spektra. Waarabu huiita tayf, ambayo pia ni mzuka, kivuli kinachomjia mtu usingizini. Lugha mbili zimeona jinni yuleyule katika ukuta mweupe.

Tuuite mkondo wa Heidelberg usomaji wa jina. Nguvu yake ni kwamba unasafiri. Mstari wa sodiamu ukiwa wa sodiamu Ujerumani, ni wa sodiamu Mombasa, na ni wa sodiamu kwenye jua. Kirchhoff ndiye aliyeonyesha kwamba mistari myeusi iliyomo katika mwanga wa jua, ambayo fundi wa vioo wa Bavaria, Joseph Fraunhofer, alikuwa ameihesabu hadi 574 mwaka 1814, ni mistari ileile ya metali za duniani, safari hii ikiwa imefyonzwa njiani. Msomaji wa jina hahitaji kumjua mwenyeji. Anafika, anachungulia, anataja.

Jibu la pili lilizaliwa mahali pasipo na hadhi ya chuo kikuu cha kale, na labda ndiyo maana limechelewa kusimuliwa. Karl Norris alikuwa mhandisi katika kituo cha utafiti cha Wizara ya Kilimo ya Marekani kilichoko Beltsville, Maryland, na mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilihusu mayai. Mfugaji yeyote anajua kumulika yai: unaliweka mbele ya tochi gizani na kutazama kilichomo bila kulivunja. Norris alitaka mashine imulike badala ya mtu. Kutoka kwenye mayai akaenda kwenye unyevu wa nafaka, na huko akakutana na infraredi ya karibu, ambayo mkemia wa mistari angeikwepa. Humo hamna mistari. Mna matuta mapana yaliyolaliana, la maji juu ya la protini, la protini juu ya la mafuta, kama mashuka yaliyotupwa kitandani. Huwezi kunyooshea kidole tuta moja ukalitaja.

Norris hakulitaja. Alichukua sampuli nyingi za nafaka, akapima unyevu wake kwa njia ya kawaida ya maabara, akazimulika, kisha akaacha takwimu zitafute uhusiano. Sampuli mpya ikija, hutazamwa inafanana na zipi. Wanakemia wengi hawakuichangamkia njia hii kwa muda mrefu, na nadhani naelewa sababu: ilikuwa inajua bila kueleza. Lakini ujuzi wa namna hiyo tunauamini kila siku. Mama anayenunua samaki pale Feri, Dar es Salaam, hataji kemikali ya uozo hata moja. Anafunua shavu, anatazama jicho, anabonyeza mnofu, na bei anayoitaja ina miaka thelathini ya samaki wengine ndani yake. Huu ndio usomaji wa mfanano.

Afrika Mashariki imeupokea mkondo huu wa pili kwa mikono miwili. Nairobi, katika kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, Keith Shepherd na Markus Walsh walichapisha mwaka 2002 maktaba ya spektra za udongo wa juu, sampuli zaidi ya elfu moja kutoka mashariki na kusini mwa Afrika. Kupima udongo kwa kemia ya chupa na asidi ni kazi ya siku kadhaa na gharama isiyobebeka kwa mkulima mdogo. Kuumulika ni sekunde. Neno walilolitumia, maktaba, limechaguliwa vizuri. Maktaba haikuambii ukweli wa kitabu ulichokileta mkononi. Inakuonyesha rafu kinapostahili kukaa.

Kati ya majina na mfanano ipo Calcutta, na hapo hadithi inapata maji.

Mwaka 1921 C. V. Raman alikuwa akirudi nyumbani India kutoka Ulaya kwa meli iitwayo Narkunda. Katika Mediterania alivutwa na ubuluu wa bahari. Lord Rayleigh, mkubwa wa fizikia ya zama zake, alikuwa amesema ubuluu huo ni wa mbingu tu, unaakisiwa. Raman alikuwa na mche mdogo wa Nicol mfukoni. Akautumia kuukata mng'ao wa juu ya maji, yaani ule ulioakisiwa, akatazama kilichobaki. Bahari ilikuwa buluu bado, tena zaidi. Rangi ilikuwa ya maji yenyewe, ikitokana na molekuli zake kuutawanya mwanga. Miaka saba baadaye, tarehe 28 Februari 1928, katika jumuiya ya kisayansi ya mtaa wa Bowbazar, yeye na K. S. Krishnan walikuwa na uthibitisho wa jambo kubwa zaidi: mwanga wa rangi moja ukipita katika kimiminika, sehemu ndogo mno ya ule unaotawanyika hutoka na rangi nyingine. Molekuli imeutoza mwanga ushuru kidogo, na kiasi cha ushuru ndicho saini yake. India huadhimisha siku hiyo kila mwaka kama siku ya sayansi ya taifa.

Mwezi huohuo, Moscow, Grigory Landsberg na Leonid Mandelstam waliliona jambo lilelile ndani ya fuwele za kwatzi. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1930 ilikwenda kwa Raman peke yake. Dunia inaita tukio hilo kwa jina la Raman; Warusi hadi leo huliita mtawanyiko wa muungano, kwa kuwa mzunguko wa mwanga na mtetemo wa molekuli hujumlishwa au kutoana. Jina moja linamheshimu mtu, jingine linaeleza kitendo. Sioni sababu ya kuwalazimisha Warusi waache lao. Wala si mara ya kwanza mwanga kuwafungulia mlango watu wawili wasiojuana: mwanzoni mwa karne ya 14, Kamal al-Din al-Farisi huko Uajemi, akiendeleza kazi ya Ibn al-Haytham wa Kairo, na mtawa Theodoric wa Freiberg huko Ujerumani walieleza upinde wa mvua kwa namna ileile, kila mmoja akitumia tufe la kioo lililojazwa maji badala ya tone.

Sasa tofauti ambayo mtu wa maabara haisahau. Infraredi hunywewa na maji. Kitu kikiwa kibichi, maji hufyonza karibu kila kitu na kufunika sauti za wengine, ndiyo maana yule mbu wa Ifakara lazima akaushwe kwanza, na damu ya kupimwa hudondoshwa kwenye karatasi ikaachwa ikauke. Mtawanyiko wa Raman, kinyume chake, unaelewana na maji. Maji hutoa ishara hafifu tu na kuwaachia wengine nafasi. Ulianzia baharini, ukabaki rafiki wa vilivyo hai. Lakini nao una umaskini wake. Ni fotoni moja tu kati ya mamilioni inayorudi na rangi nyingine, hivyo njia hii ilidumaa kwa miaka mpaka leza ilipokuja mwaka 1960 na kumwaga mwanga wa kutosha. Mmoja ana sauti kubwa lakini hawezi kusema ndani ya maji. Mwingine anasema popote, ila kwa kunong'ona.

Ukitaka kuona mnong'ono huo ukisikilizwa, nenda Montreal, Kanada. Mwaka 2015 madaktari na wahandisi wa huko walichapisha matokeo ya kijiti cha Raman kinachoshikwa mkononi, ambacho daktari wa upasuaji hukigusisha kwenye ubongo wa mgonjwa aliye mezani ili ajue pale alipofika kama ni uvimbe wa saratani au ni tishu nzima. Wagonjwa walikuwa 17. Kijiti kiligundua saratani kwa unyeti wa asilimia 93 na umahususi wa asilimia 91. Chombo ni cha Calcutta, lakini uamuzi ni wa Beltsville: kompyuta haikusoma jina la molekuli moja ikasema hii ndiyo saratani, ilijifunza kutoka sehemu ambazo wataalamu wa patholojia walikwisha kuzihukumu. Ukichukua chombo hichohicho cha Raman ukakielekeza kwenye shanga za kioo zilizochimbuliwa Mapungubwe, Afrika Kusini, kama walivyofanya Linda Prinsloo na Philippe Colomban katika utafiti wa mwaka 2008, kinarudi kwenye tabia ya Heidelberg: kinataja aina ya kioo na rangi zilizotiwa, bila kuvunja hata shanga moja ya biashara ile ya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo nisieleweke kwamba usomaji wa jina ni wa Wajerumani na wa mfanano ni wa wengine. Chombo kimoja huvaa nguo zote mbili.

Na wakati mwingine huvaa moja juu ya nyingine, hapo ndipo panapotaka jicho kali. Mfano ninaoujua vizuri kuliko yote ni kile kibano cha kidoleni cha kupimia oksijeni, oksimita, ambacho wengi wetu tulikifahamu wakati wa Uviko. Kilibuniwa Tokyo na Takuo Aoyagi, mhandisi wa Nihon Kohden, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa akijaribu kupima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa kufuatilia rangi iliyotiwa kwenye damu, akimulika sikio, na mapigo ya mshipa yalikuwa yanamharibia mchoro. Badala ya kuendelea kupigana na mapigo hayo, aliona kwamba ndiyo yenye habari: kinachopanda na kushuka ni damu ya ateri pekee, ngozi na mfupa havidundi. Ukimulika kwa wekundu na kwa infraredi, ukalinganisha midundo miwili, unapata oksijeni. Kazi hiyo aliitoa mwaka 1974.

Kwa sura yake, oksimita ni mtoto halali wa Heidelberg. Himoglobini yenye oksijeni hufyonza wekundu kidogo, isiyo nayo hufyonza zaidi; majina yanajulikana, fizikia inajulikana. Fungua ndani, utakuta maktaba. Uwiano wa midundo ile miwili haugeuki kuwa asilimia kwa fizikia peke yake. Hugeuzwa kwa jedwali, na jedwali lilitokana na watu waliojitolea kupumua hewa yenye oksijeni kidogo huku damu ya ateri zao ikichukuliwa na kupimwa. Mwaka 2020 jarida la tiba la New England lilichapisha ulinganisho wa wagonjwa wa Marekani. Miongoni mwa wale ambao kibano kiliwasoma asilimia 92 hadi 96, yaani hali ya kuridhisha, damu yenyewe ilipopimwa ilionyesha chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi, dhidi ya asilimia 3.6 ya weupe. Mwongozo wa mamlaka ya dawa ya Marekani wa mwaka 2013 ulitaka kifaa kijaribiwe kwa watu kumi au zaidi, na wenye ngozi nyeusi wawe wawili au asilimia 15, kutegemea ipi ni kubwa. Wawili.

Sitaki hili lisomeke kama hukumu dhidi ya Aoyagi, ambaye aligeuza kelele kuwa habari na kuokoa watu wasiohesabika. Ni kasoro ya kusahau kwamba chombo kinachosema kwa lugha ya jina kilikuwa kinafikiri kwa mfanano. Msomaji wa mfanano ni kama yule mama wa Feri: mpeleke sokoni Mwanza umpe sangara, jicho lake la samaki wa bahari litababaika kidogo mpaka azoee.

Ifakara wanalijua hili waziwazi, na ndicho ninachokistahi katika kazi yao. Wametengeneza vielelezo vya kompyuta kwa mbu waliofugwa kwao na kwa mbu waliofugwa Glasgow, Uskoti, wanakoshirikiana, wakakuta kielelezo kilichofunzwa kwa mbu wa upande mmoja kinachanganyikiwa kikiletewa wa upande mwingine, ingawa nyumbani kinafanya vizuri sana. Chakula, joto, unyevu, vyote vinaacha alama kwenye gamba. Dawa waliyoipata ni rahisi kuielezea: ongeza sehemu ndogo ya mbu wa ugenini kwenye mafunzo, na kielelezo kinazinduka.

Njia hiyohiyo wameipeleka kwenye damu. Mwaka 2019 Emmanuel Mwanga na wenzake walichapisha matokeo ya matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, ya watu 296; kwa kipimo cha vinasaba, 123 walikuwa na vimelea vya malaria na 173 hawakuwa navyo. Infraredi, bila kitendanishi chochote, ilipatia kwa asilimia 92. Matone yale yalitoka katika kata 12 za kusini-mashariki mwa Tanzania. Atakayetaka kukitumia kielelezo hicho Kisumu au Bukavu itambidi aanze kwa kutoboa vidole vya watu wa huko.